Wanawake wa Irma Stern: Pambo Ni la Nani?

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Dodoma mbele ya walimu wa sanaa, wanafunzi, watumishi wa umma na wananchi

Katika mji huu watu wamezoea kuitwa kusikiliza habari za bajeti, viwanja na maji. Kuitwa kwa ajili ya rangi si jambo la kila wiki.

Mhadhara huu una kusudi moja: kumtazama kwa makini mchoraji Irma Stern, mwanamke wa Afrika Kusini aliyefika Unguja mwaka 1939 na tena mwaka 1945, akachora sura za watu wa visiwani, wanawake wengi wakiwemo, kwa rangi nzito na kwa mvuto ambao haujapoa hadi leo. Swali lenyewe ni hili: tunapozisifu picha zile, tunamsifu nani? Jibu litakalotetewa hapa ni kwamba sifa ina wenyewe wawili. Rangi, kasi ya mkono na ujasiri ni vya Stern. Pambo ni la wanawake walioketi mbele yake. Hoja nne zitalieleza jibu hilo, kisha tutauliza Dodoma inahusikaje.

Wanaojiuliza kwa nini mambo ya Unguja yaletwe hadi nyanda za kati wavute subira kidogo. Ugogo itaingia.

MCHORAJI MWENYEWE

Irma Stern alizaliwa Oktoba 1894 katika mji mdogo wa Schweizer-Reneke, Transvaal, kwa wazazi Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipozuka, baba yake alitiwa kizuizini na Waingereza, na baada ya hapo familia ikaenda Ujerumani. Binti akakulia baina ya nchi mbili, kila anapokuwa katika moja akiikumbuka nyingine.

Alisomea uchoraji Weimar na Berlin. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alichora picha ya mtoto wa kike aliyekonda, ameshika maua, macho yamemtoka kwa njaa ya vita. Picha hiyo, The Eternal Child, mwalimu wake hakuipenda; Stern mwenyewe aliihesabu kuwa mwanzo wake halisi. Siku hizohizo alifahamiana na Max Pechstein, mchoraji aliyewahi kuwa wa kundi la wachoraji la Die Brücke, ambaye mwaka 1914 alikuwa amesafiri hadi visiwa vya Palau katika Bahari ya Pasifiki kutafuta maisha aliyodhani hayajaguswa na viwanda wala haraka ya miji. Kutoka kwa Pechstein alipata mambo mawili. La kwanza ni rangi kali, zinazopakwa bila woga. La pili ni ndoto kwamba kile ambacho Ulaya imekipoteza bado kinaishi mahali fulani mbali, kwa watu weusi au wa rangi ya shaba, kikisubiri kuchorwa. La kwanza lilimjenga. La pili tutalikuta tena katika hoja ya tatu.

Aliporudi Cape Town mwaka 1920 hakupokewa kwa vigelegele. Maonesho yake ya mwaka 1922 yalizua kelele: magazeti yakamsema kwamba ameugeuza ubaya kuwa ibada, na polisi wakaitwa kuchunguza kama picha zile zinavunja maadili. Baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933, Stern alikataa kuonesha kazi zake Ujerumani. Mlango wa Ujerumani ukawa umefungwa, naye akageukia bara lake. Alikwenda Zanzibar mwaka 1939, Kongo mwaka 1942, akarudi Zanzibar mwaka 1945 na Kongo mwaka uliofuata. Safari hizo zilizaa vitabu viwili alivyoviandika na kuvipamba mwenyewe: Congo cha mwaka 1943 na Zanzibar cha mwaka 1948. Alifariki Agosti 1966. Nyumba yake ya Rosebank, Cape Town, iligeuzwa kuwa makumbusho chini ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na mlango wake wa mbele ulikuwa wa nakshi, alioununua Zanzibar.

HOJA YA KWANZA: UFUNDI WAKE UNASTAHILI SIFA

Tuanze na haki yake. Wapo wanaopenda kumkosoa Stern kabla hawajaitazama hata picha moja, na huo ni uvivu.

Stern alichora kwa haraka. Rangi ya mafuta aliipaka nzito, kwa brashi iliyojaa, na alama za brashi akaziacha zionekane. Hakuwa mtu wa kurudia na kulainisha. Alitaka picha imalizike mchorwaji akiwa bado yuko kitini na hisia ya kukutana naye bado ina joto. Ndiyo maana nyuso zake zina uhai ambao picha nyingi za studio hazina. Mtu ameketi, amechoka kidogo, mawazo yamemhama, kope zimeshuka, shingo imeinama upande. Mchoraji amemnasa hapohapo.

Wanafunzi mlioko nyuma, hapa ndipo pa kuandika. Stern hakuichora ngozi ya mtu kwa kopo moja la rangi ya kahawia. Katika shavu la mwanamke mmoja mtaona kijani kwenye kivuli, manjano iliyokolea penye mwanga, zambarau chini ya kidevu, na nyekundu ya udongo ikiyaunganisha yote. Alifahamu kwamba rangi haiishi peke yake: nyekundu huwaka zaidi ikikaa jirani na kijani, na manjano hung'aa ikikaribiana na zambarau. Anayefundisha watoto kuchora uso katika shule zetu, ambako mara nyingi penseli moja ya kahawia hupita mkononi mwa darasa zima, ana somo kubwa hapa, tena halihitaji fedha nyingi. Linahitaji macho.

Upande wa pili wa ufundi wake ni upambaji. Nyuma ya wachorwaji wake mara nyingi hakuna chumba chenye kina wala dirisha linaloonesha mbali. Kuna ukuta wa rangi tupu, au kitambaa, au maua yaliyosogezwa mbele hadi yakawa sehemu ya vazi. Picha nzima inakuwa kitu cha kupendeza jicho kabla haijawa habari ya mtu.

Kisha zikaja fremu. Akiwa Zanzibar alinunua mbao kuukuu zenye nakshi, za aina ile inayozunguka milango ya Mji Mkongwe, na kwa mbao hizo zikatengenezwa fremu za picha zake. Minyororo, mawaridi na majani yaliyochongwa na fundi seremala wa Unguja miaka mingi kabla yakaizunguka sura iliyochorwa na mgeni. Ni kama pindo la kanga linavyouzunguka mji wake: huwezi kulikata ukadhani kilichobaki ni kanga kamili. Katika minada ya leo, picha ya Stern iliyobaki ndani ya fremu yake ya Zanzibar huthaminiwa zaidi, na wauzaji hawakosi kuitaja. Jina la fundi aliyechonga hawalitaji.

Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwa wanawake wenyewe, tayari picha ina mikono miwili: wa Cape Town na wa Unguja.

HOJA YA PILI: PAMBO NI LA WALIOCHORWA

Hii ndiyo hoja yenye uzito zaidi katika mhadhara huu, na Mwenyekiti awie radhi ikichukua muda.

Unguja aliyoikuta Stern mwaka 1939 ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu mwaka 1890, Sultani akiwa Khalifa bin Harub. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1897, yaani miaka 42 tu nyuma. Wazee waliozaliwa utumwani walikuwa bado wanatembea mitaani Ng'ambo. Ukilisahau jambo hilo, hutalielewa vazi lolote lililomo katika picha zile.

Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameeleza kwa kina jinsi wanawake wa Zanzibar walivyoitumia nguo kuutangaza utu wao baada ya utumwa. Kaniki, kitambaa cheusi cha bei ndogo, ilikuwa nguo ya mtumwa. Wanawake waliopata uhuru wakaiacha. Wakavaa kanga, zenye rangi na michoro, wakazibadilisha kila mtindo mpya ulipoingia dukani. Wakavaa buibui, vazi la heshima. Nguo ikawa tangazo, linalosomwa na kila mpita njia: huyu si mali ya mtu.

Kanga nazo zilikuwa na biashara yake yenye akili. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alianza biashara Mombasa, na alama yake, Mali ya Abdulla, ingali inasomwa kwenye doti hadi leo. Lakini tajiri hakuamua peke yake nini kiuzwe. Wanawake wa mjini walikuwa wepesi kuichoka michoro, na kanga iliyokataliwa nao ilibaki rafuni. Waliochagua rangi gani ikae na rangi gani, pindo gani lipendeze, jina gani liseme lile ambalo mdomo hauwezi kulisema, ni wao.

Sasa mweke mwanamke huyo kitini, mbele ya mchoraji mgeni. Amefunga kilemba au ametanda nguo yake kwa namna anayoijua. Ana hina mikononi, wanja machoni, kipini puani, vipuli masikioni. Kila kimoja kina mahali pake, na mahali pake pamechaguliwa na mtu aliyelelewa katika ustadi huo tangu utotoni, akifundishwa na somo yake. Stern hakumpamba. Alimkuta amepambika.

Wala tusidhani kwamba mwanamke huyo hakujua maana ya kupigwa picha. Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza, ilifunguliwa mjini Zanzibar mwaka 1930, miaka tisa kabla ya Stern kufika. Watu walikwenda studio wakiwa wamevaa vizuri, wakachagua jinsi ya kusimama, wakalipa, wakaondoka na sura zao. Mji ulikuwa umezoea jicho la kamera, na ulikuwa na maoni yake kuhusu namna ya kutazamwa.

Tena palikuwa na Siti binti Saad. Mwimbaji huyu, mtoto wa familia iliyotoka utumwani, alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928 na sauti yake ikasikika pwani yote. Alifariki mwaka 1950, kwa hiyo Stern alipofika mara zote mbili Siti alikuwa hai. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Mgeni aliwachora wanawake wa Zanzibar kwa rangi ya mafuta; mwandishi Mswahili alimchora mmoja wao kwa maneno, akimpa jina, nasaba, kazi na sauti. Picha hizo mbili zinapaswa kuwekwa pamoja, maana kila moja inaonesha kilichopungua katika nyingine.

Akina mama wa muheme mnaotusikiliza hapa hamhitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Mnapoziweka ngoma baina ya magoti, shanga zikiwa shingoni na kichwani, hampambwi na mpiga picha aliyefika na gari la wageni. Yeye anapokea tu kile mlichokipanga nyumbani tangu asubuhi. Picha ikitoka nzuri, nusu ya sifa ni yenu.

HOJA YA TATU: JICHO LA MGENI LINA MIPAKA YAKE

Haki ya Stern imetajwa. Sasa yatajwe na mapungufu.

Nyanda hizi zinalijua jicho la mgeni. Ugogo ilikuwa njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Richard Burton alipita mwaka 1857, Henry Morton Stanley mwaka 1871, na wote wawili wakaandika juu ya Wagogo: masikio yaliyotobolewa na kutanuliwa, udongo mwekundu mwilini, hongo waliyodaiwa, ukaidi wa machifu. Baadhi ya waliyoyaona ni kweli. Hata hivyo mtu aliyechoka, mwenye kiu, anayegombana juu ya marobota ya nguo, haandiki kama jirani. Anaandika kama mpita njia.

Stern hakuwa mpita njia wa namna hiyo, kwa kuwa alikaa kwa miezi na alipenda alichokiona. Uanamke wake pia ulimsaidia. Katika nyumba za Waislamu wa Mji Mkongwe mchoraji mwanamume asingevuka ukumbi. Yeye aliweza kuketi na wanawake ndani. Jambo hilo lina faida kubwa katika historia ya sanaa, ambayo imejaa wanaume wa Ulaya waliochora vyumba vya wanawake ambavyo hawakuwahi kuviingia.

Lakini alikuja na ndoto yake. Alitafuta Mashariki ya hadithi, yenye manukato na utulivu, na mara nyingi ndicho alichochora. Wanawake wake wanaota. Wamelegea. Hawashiki jembe wala sindano. Ukizitazama picha zile tu, utadhani Unguja ya miaka ya 1940 ilikuwa kisiwa cha watu wanaosubiri jioni ifike. Ukweli ni kwamba wanawake wa kisiwa kile walichuma na kuchambua karafuu, zao lililoilisha serikali. Walisuka ukili, walishona kofia, waliuza vitumbua, walilea. Mvuto wa mwili uliomo katika picha za Stern ni wa kweli, ila ni wa saa moja ya kukaa kitini, na mwanamke ana saa nyingine 23.

Upungufu mkubwa zaidi uko kwenye vibandiko. Picha moja maarufu ya mwaka 1945 inaitwa Bahora Girl, yaani binti wa Kibohora. Nyingine ya mwaka huo inaitwa Arab Priest. Nyingine ya mwaka 1939 inaitwa Arab in Black. Kabila, dini, rangi ya nguo. Jina la mtu halipo.

Linganisheni na Gustav Klimt wa Vienna, aliyeishi kati ya mwaka 1862 na 1918, ambaye dunia nzima inamjua kwa wanawake wake waliozama ndani ya dhahabu. Klimt alikwenda Ravenna mwaka 1903, akatazama michoro ya vijiwe vya rangi katika makanisa ya kale, akarudi na wazo la kuibandika dhahabu kwenye turubai. Picha yake ya mwaka 1907 ina pambo lililomfunika mwanamke hadi umebaki uso na mikono tu. Hata hivyo inaitwa Adele Bloch-Bauer. Alikuwa mke wa tajiri wa sukari, mumewe ndiye aliyeagiza picha na kulipa. Kwa sababu jina lilihifadhiwa, familia yake iliweza, mwaka 2006, kurudishiwa na Austria picha ambazo Manazi walikuwa wamezipora. Jina lilifanya kazi ya hati.

Na Stern mwenyewe aliweza kuchora mtu mwenye jina pale mamlaka yalipokuwa makubwa. Katika safari yake ya mwaka 1942 alifika hadi Rwanda, na Malkia aliyemchora anatambuliwa kuwa Rosalie Gicanda, mke wa Mutara wa Tatu Rudahigwa. Hata hivyo kibandiko kikasema Malkia wa Watutsi tu. Leo tukiutazama uso ule hatuwezi kuona pambo peke yake, kwa kuwa tunajua yaliyofuata: mumewe alifariki Bujumbura mwaka 1959, na Malkia mwenyewe, bibi mtu mzima aliyekuwa akiishi kimya Butare, aliuawa Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari. Jina limerudi, na pamoja nalo uzito wote wa maisha. Binti wa Kibohora naye alikuwa na maisha. Alikuwa na wazazi, pengine watoto na wajukuu. Picha haituambii pa kuanzia kuwatafuta.

HOJA YA NNE: BEI SI KIPIMO CHA UTHAMINI

Kuna watakaosema: mbona dunia imekwisha kuzithamini picha hizi? Bahora Girl iliuzwa katika mnada wa Bonhams, London, Oktoba 2010, kwa zaidi ya pauni milioni 2.3. Miezi michache baadaye, Machi 2011, Arab Priest ikauzwa hapohapo kwa zaidi ya pauni milioni 3, ikanunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya Qatar. Fedha hizo zingejenga shule kadhaa za sekondari katika mkoa huu, na maabara zake.

Bei inatuambia nani ana fedha na nani anashindana na nani ndani ya ukumbi. Haituambii picha inasema nini. Ushahidi mzuri ni Arab in Black. Picha hiyo ilitolewa mnadani mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuchangia gharama za mawakili wa Nelson Mandela na wenzake katika Kesi ya Uhaini iliyoanza na washtakiwa 156 na kudumu hadi mwaka 1961. Aliyeinunua alihamia Uingereza nayo. Miaka ikapita, ikarithiwa, na mtaalamu wa mnada alipoingia katika nyumba moja ya London aliikuta jikoni, ikitumika kama ubao wa kubandikia barua na bili. Mwaka 2015 iliuzwa kwa zaidi ya pauni 840,000.

Fikirini safari ya sura hiyo. Mtu wa Zanzibar aliketi kitini mwaka 1939. Uso wake ukasaidia kuwatetea wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Ukafunikwa na bili za umeme. Ukarudi kuwa lulu. Katika hatua zote hizo rangi ilikuwa ileile na brashi ileile. Kilichobadilika ni macho ya waliokuwa nayo. Uthamini, basi, ni kazi ya kutazama na kujua, na kazi hiyo anaweza kuifanya mwalimu wa Kibaigwa mwenye nakala ya picha iliyochapwa kwenye karatasi, kama anavyoweza tajiri wa Doha.

Tena yeye ana faida ambayo tajiri hana. Anaijua kanga.

KUELEKEA MBELE: DODOMA IFANYE NINI?

Mabibi na mabwana, mhadhara unaoishia kwenye sifa na lawama hauna faida kwa mji unaojengwa. Mambo matatu yanapendekezwa.

Jambo la kwanza linawahusu wachoraji vijana, na mwenzao wa kumtazama ni Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba yake akafariki angali mchanga, mama akampeleka Uingereza. Mwaka 2017 alishinda Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kanga imeingia katika kazi zake mara nyingi, rangi zake na maneno yake. Lakini kazi inayotuhusu zaidi ni Naming the Money ya mwaka 2004: sura 100 zilizochorwa kwenye mbao na kusimamishwa kwa kimo cha mtu, za watumwa wa Kiafrika katika nyumba za wakubwa wa Ulaya. Kila mmoja amepewa jina alilozaliwa nalo, jina alilobandikwa, na kazi aliyoijua. Mapambo yao ni ya fahari. Majina yao yanasomeka. Himid hakuyaacha mapambo ili apate heshima, wala hakuiacha heshima ili apate mapambo. Njia hiyo iko wazi kwa yeyote anayeshika brashi hapa.

Jambo la pili linawahusu walimu wa historia na sanaa. Wilaya ya Kondoa ina michoro ya miambani iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951. Huko Kolo kuna watu waliochorwa kwa udongo mwekundu, warefu, wembamba, nywele au mapambo ya vichwa yametunishwa kwa ustadi. Hatujui majina ya waliochorwa wala ya wachoraji, na hatutayajua kamwe; umri wa michoro umekwisha kuyala. Hasara hiyo haina dawa. Lakini hasara ya leo ina dawa. Bibi wa Mvumi anayejua kupanga shanga, mpiga muheme wa Chamwino, mama wa Kirangi anayesuka ukili: hao wako hai, wana majina, na wanafunzi wanaweza kwenda kuwachora kwa ruhusa yao na kuandika jina, kijiji, kazi, na nani aliwafundisha pambo walilovaa.

Jambo la tatu linawahusu wenye ofisi. Tangu Machi 2021, ukutani katika kila ofisi ya umma nchini kuna picha ya mwanamke wa Zanzibar, amejitanda ushungi, anamtazama mtazamaji usoni. Jina lake linajulikana kwa kila mtoto wa shule: Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi. Alipokuja Stern, sura ya mwanamke wa visiwa vile iliingia kwenye fremu kwa kuwa ilimpendeza mgeni. Hii imeingia kwa Katiba. Kuta za Mji wa Serikali, hata hivyo, ni ndefu, na nyingi bado ni tupu, au zimetundikwa picha za machweo na twiga zilizonunuliwa kwa haraka. Wizara na taasisi zilizohamia hapa zinaweza kuagiza sura za watu wa nyanda hizi kutoka kwa wachoraji wa hapa, zikalipa bei ya haki, na kuweka sharti moja katika mkataba: chini ya kila picha liandikwe jina la aliyechora na jina la aliyechorwa, kwa herufi za ukubwa mmoja.

Irma Stern alikuwa mchoraji mkubwa wa rangi, na Zanzibar ilimpa kazi zake bora. Deni alilolibakiza ni la majina, na walio na uwezo wa kuzuia deni hilo lisiongezeke wako humu ukumbini. Walimu, anzeni na muhula ujao. Wakuu wa idara, liingizeni katika makadirio ya mwaka ujao wa fedha.